Muthama Wawili Ndani ya Kompyuta

Bibi Kalunde, au Susu kama tunavyosema kwa Kikamba, alitoka Kyuso hadi studio yetu ya Kitui kutafuta picha ya marehemu mumewe. Ile ya nyumbani iliungua pamoja na nyumba. Iliyobaki ilikuwa ndani ya kompyuta, tulikoihifadhi mwaka uliotangulia, 1997.

"Yuko wapi sasa?" akauliza, ameinamia kioo.

Nikatafuta jina, Muthama Ndolo. Zikatokea picha mbili ndogo, na zote zilikuwa za mjukuu wake, mvulana anayecheka bila meno ya mbele.

"Huyo ni mtoto," akasema Susu. "Mimi nataka mwenyewe."

Mzee Othman, mwenye studio, akaruka kitini. "Usiguse kitu, Ndinda! Utamfuta kabisa. Pigia yule kijana Hassan wa Nairobi aliyetutengenezea programu."

Kuzungumza kwenye simu na mtu nisiyemjua huniogopesha. Lakini Susu alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu, na hakuwa na picha nyingine ya mumewe popote. Kabla ya kupiga nikatazama tena. Mtoto wa kwanza alikuwa mwembamba. Wa pili, yule yule, alikuwa mnene, mashavu yamevutwa kama chapati. Kwa nini?

Nikapiga.

"Picha ndogo zinaonyesha mtu mmoja mara mbili," nikamwambia Hassan. "Lakini ya pili imetanuka. Ni kama mtoto amewekwa kwenye fremu ya babu yake. Nakumbuka picha ya mzee ilikuwa ya kulala, pana; ya mtoto ni ya kusimama, ndefu."

Akauliza, "Hao wawili wana jina moja?"

"Ndiyo. Mtoto alipewa jina la babu."

"Hata la pili?"

"Babu alikuwa Muthama wa Ndolo. Akamwita mwanawe Ndolo, jina la baba yake. Ndolo naye akapata mtoto, akamwita Muthama. Basi ni Muthama wa Ndolo tena."

"Lo! Na huko Ukambani mko wangapi namna hiyo?"

"Karibu sote," nikasema, nikajikuta nacheka.

Akanieleza kwamba programu yake huchukua picha ndogo kwa kufuata jina, kwa hiyo ya mwisho kuingia hufunika nyingine. Picha kubwa kila moja ina namba yake, hivyo ya mzee bado ipo. "Hebu fungua huyo mtoto mnene."

Mzee Othman akafumba macho. "Bismillahi."

Nikabonyeza.

Mzee Muthama akatokea polepole, kofia kwanza, kisha nyusi, kisha kidevu kilichoinuliwa kama cha mtu aliyeambiwa asicheke. Nyuma yake alisimama ng'ombe, nusu tu. Susu akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Susu, Hassan anauliza tuandike nini ili wasichanganywe tena."

"Mwambie yule mwingine hana meno," akasema bila kugeuka. "Huyu ni wangu."