Mtandao wa Krashi ya Kemboi

Watu husema Kijiko hatukuwa na mtandao wa simu. Huo ni uongo. Tulikuwa nao, na ulikuwa kwangu.

Kijiji chetu kiko huku chini ya Elburgon, kimezama katikati ya vilima kama uji kwenye bakuli. Aliyekiita Kijiko alikosea chombo tu. Madereva wa malori pale Salgaa wanaongea na wake zao walioko mpakani kama vile wamekaa nao meza moja, lakini sisi tukitaka kumjulia mtu hali ilikuwa lazima tupande kilima hadi pumzi iishe, halafu ukifika juu umesahau ulichotaka kusema. Isipokuwa nyuma ya nyumba yangu. Hapo, kando ya kibanda cha kuku, kuna kisiki cha mkaratusi ambao marehemu mume wangu aliukata. Ukisimama juu ya hicho kisiki ukiangalia upande wa choo, simu inashika. Ukishuka, imekufa. Usiniulize sababu, mimi si fundi.

Kwa hivyo kijiji kizima kilikuwa kinakuja kwangu. Sikuwa nawasikiliza, hapana. Lakini mtu akipanda juu ya kisiki na kupaza sauti hapo karibu na dirisha la jikoni, mnataka nizibe masikio kwa unga? Nilijua nani ameachwa, nani amerudiwa, na ng'ombe wa nani amekataa kushika mimba. Niliwapikia chai wakisubiri zamu. Hata wale waliokuwa wananipita kanisani bila salamu walianza kuniita Mama Lynn kwa adabu, na kusema kweli nilifurahi sana.

Halafu akaja Kemboi kuniharibia.

Mzee Kemboi ni jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba. Ni mtu mrefu, mkimya, anayevaa koti la suti hata akikamua. Siku moja alikuwa anapiga ng'ombe dawa ya kupe ndani ya krashi, kile kichochoro cha mbao ambacho ng'ombe akiingia hawezi kugeuka. Simu ikaanza kulia mfukoni mwake na haikunyamaza. Zilikuwa salamu za Krismasi, na wakati huo tulikuwa tunapalilia mahindi. Kumbe kampuni nyingine ilikuwa imesimamisha busta, ule mnara wa simu, mahali fulani upande wa Salgaa, na mtandao wake ukaruka vilima vyote ukaanguka ndani ya krashi ya Kemboi. Na haukuwa mtandao wa kuongea tu kama wangu. Ulikuwa na intaneti. Watu walikuwa wanaonana nyuso.

Kufumba na kufumbua, nusu ya wateja wangu walikuwa wamepanga foleni mle ndani kama mifugo, simu zimeinuliwa juu.

Mimi si mtu wa kukaa nikilia. Nilileta benchi. Kemboi akaleta benchi na mabati ya kuzuia mvua. Nikaweka tangawizi kwenye chai. Akaanza kugawa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Nikapika mandazi, naye akatoa viazi vya kuchoma. Watu wa Kijiko wakanunua simu za laini mbili. Asubuhi walikuwa kwangu, mchana kwake, na jioni walirudi nyumbani wameshiba. Jelagat, anayeuza mboga pale njia panda, alinenepa mpaka akashona sketi mpya, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia.

Siku moja huyo Jelagat aliniuliza mbele ya watu kama nimeshawahi kujaribu intaneti ya mzee. Nilimjibu kwa sauti, ili ng'ambo ya ua wasikie pia, kwamba nitaingia krashi ya Kemboi siku nitakayoota mkia.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa moyoni mwangu wakati huo wote. Binti yangu Lynn ni nesi huko Uingereza, na alikuwa mjamzito. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na wa pili la mama ya mama. Wa kwanza, Abby, alichukua jina la mama yake Kabiru, mume wa Lynn, na yule mama hajanyamaza tangu siku hiyo. Hata kwenye matanga ya watu anatoa picha. Hospitali ilikuwa imesema huyu wa pili ni msichana. Ilikuwa zamu yangu. Kuna Wangare mwingine, wajina wangu, alikuwa anakuja duniani, na sikuwa na pasipoti wala njia ya kufika huko. Nilitaka kitu kimoja tu, mtoto huyo anijue.

Ndipo chifu akaita baraza kwenye uwanja wa kanisa. Alikuja kijana aliyetumwa na watu wa simu kutoka Nakuru, anayeitwa Bravin, suruali imembana, amevaa jaketi la kumeremeta.

"Sasa, mathe," akaniambia, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele.

"Mimi si mathe yako," nikamwambia. "Mathe yako yuko kwao."

Akakohoa, akaanza kueleza. Kampuni za simu ziko tatu. Kila moja ikisema ijenge busta yake hapa Kijiko, kwa watu wachache namna hii, zote zitapata hasara. Kwa hivyo hakuna itakayojenga, na tutazeeka tukiwa juu ya kisiki. Lakini wakubwa wamekubaliana kwamba sehemu kama hizi ijengwe busta moja tu, zote tatu zining'inie hapo, na mtandao ufike kila nyumba. "Yaani mtu anaongea akiwa kitandani," akasema. "Shida yetu ni moja tu. Lazima nyinyi wenyewe mkubali."

Nikaona watu wanafikiria kitanda. Nikaona pia kisiki changu kimekaliwa na kuku. Nikasimama.

Nikawauliza, kabla Kemboi hajapata mtandao, kuna mtu aliwahi kuwekewa tangawizi? Hakuna. Mandazi je? Hakuna. Ni ushindani ndio umewaletea hayo yote. Hiyo busta moja ikishasimama, itampikia nani chai?

Kemboi naye akasimama, akafunga kifungo cha koti. Nilijiandaa kwa vita. "Kwa mara ya kwanza huyu mama amesema ukweli," akasema. "Hiyo busta moja ikiharibika, nani atakimbia kuitengeneza, kama hakuna mwenzake wa kumuogopa? Leo krashi yangu ikikataa, mtu anaenda kwa kisiki. Kesho ataenda wapi?"

Watu wakapiga makofi. Bravin akaomba wanaotaka busta moja wainue mikono. Chifu aliinua wake nusu, akaona hana mwenzake, akajikuna kichwa.

"Kwa hivyo mnakataa network juu ya chai," Bravin akasema polepole.

"Na mursik," mtu akaongeza kutoka nyuma.

Akaniachia namba yake ya simu, eti nikibadilisha nia. Nikaitia kwenye kopo la sukari na kuisahau.

Lynn alijifungua wiki hiyo hiyo. Nilikuwa juu ya kisiki na ile simu yangu ndogo ya tochi. "Mum," akasema, "Wangare amefika." Nikakaa hapo hapo. Kisiki hakitaki kukaliwa, kwa hivyo simu ikakatika. Nilikaa hapo nikilia na kucheka, kuku wakiniangalia.

Niliposimama tena alipiga. "Mum, si nilikutumia simu kubwa? Iwashe nikuonyeshe."

"Hapa hakuna intaneti."

"Iko wapi?"

Nikaangalia ng'ambo ya ua.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilivaa gamubuti na koti la mvua la marehemu, jua likiwaka, nikapitia nyuma ya zizi nikidhani sitaonekana. Foleni nzima iligeuka. Jelagat alichungulia nyuma yangu, chini ya koti, akaniuliza kwa upole, "Mama Lynn, mkia uko wapi?"

Walicheka mpaka ng'ombe wakaacha kula. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Kemboi hakucheka. Aliondoa mti wa mlangoni akasema, "Ingia, Mama Lynn. Waziri, songa."

Waziri ni ng'ombe. Ameitwa hivyo kwa sababu anakula sana na hafanyi haraka. Alikuwa amezoea kupewa pumba ndani ya krashi, kwa hivyo mtu yeyote akiingia, naye anaingia nyuma yake. Hakusonga. Alinifuata, akaweka kichwa kwenye bega langu, akanipumulia shingoni.

Hapo ndipo nilipomwona. Uso mdogo, umekunjwa, midomo imebetuliwa, ana hasira na dunia nzima. Kemboi alichungulia juu ya mbao.

"Ni wewe kabisa," akasema. "Amekasirika na bado hajafanyiwa kitu."

Sikumjibu vibaya. Ilikuwa kweli, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi nilikuwa krashini. Unadhani nilibadilisha nia juu ya busta? Sikubadilisha. Nilikuwa na mahali pa kuongea na mahali pa kuona, nikajiambia huo ndio uzuri wa ushindani. Shida ilikuwa moja. Foleni yote ikiwasha intaneti pamoja, ile picha inaganda, na kila mara ilikuwa inaganda wakati Waziri ameleta kichwa mbele kutafuta pumba. Mimi nilikuwa naendelea kujiita shosho, yaani nyanya yake, hapo nyuma: "Wangare wa shosho, unaona shosho? Cheka na shosho." Lynn alikuwa ananiambia mtoto anacheka sana. Nikawa nalala vizuri.

Mtoto akakaa. Mtoto akatambaa. Mtoto akasimama akishika kiti. Jumamosi moja Lynn akapiga akiwa amejaa kicheko.

"Mum, ameanza kuongea. Neno la kwanza kabisa. Ngoja usikie."

Foleni nzima ikasogea. Kemboi akaja akaegemea mbao. Kwa bahati, siku hiyo picha ilikuwa safi. Lynn alimkalisha mtoto kwenye mapaja, akafungua kitabu cha picha. Akamwonyesha paka. Mtoto kimya. Akamwonyesha gari. Kimya. Akafungua ukurasa wa tatu, na hapo palikuwa na ng'ombe mkubwa, mweusi na mweupe, anakula majani.

Mtoto akapiga ukurasa kwa mkono. "Shosho," akasema.

Lynn alikuwa anacheka mpaka simu inatikisika. "Kila ng'ombe, Mum. Hata yule wa pakiti ya maziwa. Juzi tumepita shamba na basi, ameita shosho mpaka tumeshuka."

"Mimi ndiye shosho," nikasema. Nilisukuma kichwa cha Waziri, nikaleta uso wangu karibu na kioo. "Wangare, niangalie. Shosho ni huyu."

Mtoto aliniangalia kidogo. Kisha akakunja uso, ule uso wangu mwenyewe, akaanza kulia, akinyoosha mkono pembeni kwangu, kule kwa Waziri.

Hakuna aliyecheka, hata Jelagat. Niliumia. Nimezika mume, nimefukuzwa shamba na mafuriko, lakini sijawahi kuumia namna ile. Jina langu lilikuwa limepewa mtoto, na uso wangu umepewa ng'ombe.

Nilitoka krashini bila kumuaga mtu, nikaenda jikoni, nikamwaga kopo la sukari juu ya meza. Namba bado ilikuwepo, inanata. Nilipopanda kisiki nilimkuta Kemboi amenifuata, amesimama kando ya kuku na koti lake, kwa mara ya kwanza upande wangu wa ua. Nikamwonyesha chai kwa kidole. Akajimiminia.

Bravin alishika simu. "Nani mwenzangu?"

"Ni mathe," nikasema.

"Mathe gani?"

"Yule wa Kijiko. Wa chai. Leta busta."

"Kampuni zote tatu, busta moja?"

"Moja. Ikiharibika nitakuja huko Nakuru kukutafuta mimi mwenyewe."

"Na itajengwa wapi? Kwako?"

Niliangalia kisiki changu, benchi langu, njia iliyokanyagwa na watu wote waliowahi kunihitaji. Kemboi aliacha kunywa.

"Kwa Kemboi," nikasema. "Kwake ni juu zaidi."

Kemboi akapaliwa na tangawizi.

"Sawa," Bravin akasema, "lakini ofisini nilipeleka ripoti kwamba mmekataa wote, na wewe ndiye uliyepinga zaidi. Wataniuliza sababu ya kubadilika. Niandike nini?"

Ng'ambo ya ua, Waziri alikuwa amepenyeza kichwa kwenye kayaba, anatafuna, ananiangalia.

"Andika," nikamwambia, "kwamba mimi si ng'ombe."