Kumbukumbu ya Saa Nane na Dakika Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1987, saa tatu asubuhi, Halina Drozd alivua viatu vyake vya theluji mlangoni mwa chumba cha kompyuta katika kiwanda cha karatasi mjini Garfield, akavaa kandambili za ndani, akaketi mbele ya skrini. Kazi yake ya siku hiyo ilikuwa kufungua faili namba sita.

Mashine ile yenye mfumo wa Unix ndiyo iliyoamua mvuke kiasi gani uingie kwenye rola za kukaushia karatasi. Kila ilipoanguka, katika nukta yake ya mwisho ilinakili yote iliyokuwa ikiyakumbuka kwenye sehemu moja ya diski. Sehemu hiyohiyo ndiyo mashine hutumia kama meza ya kazi inapoamka. Kwa hiyo anayeiamsha hana budi kuihamishia nakala ile kwenye folda salama kabla watu hawajaanza kazi. La sivyo kazi mpya huandikwa juu yake, na sababu ya anguko hufutika kabisa.

Kuhamisha kulichukua dakika kumi. Bwana Tully, meneja wa uzalishaji, hakuzipenda dakika hizo.

"Wewe inua mashine, Halina," alikuwa akisema. "Mambo ya matanga kafanyie kwenu."

Halina alihamisha hata hivyo, huku akijifanya anatafuta waya chini ya meza. Nakala zilipewa namba kuanzia sifuri. Katika daftari la mashine aliandika maneno yaleyale mara saba: Imehifadhiwa. Haijachunguzwa. Hakuwa amepewa muda wa kuchunguza, naye hakuuomba.

Anguko la saba lilitokea Alhamisi, tarehe 26 Februari, saa nane na dakika kumi na saba mchana. Vali ya mvuke ilifunguka yote. Zygmunt Pacholek, fundi wa rola mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alifia pale alipokuwa amesimama. Baada ya siku nne kampuni ilitoa ripoti yenye mstari mmoja kuhusu chanzo: fundi aliifungua vali kwa mkono, kwa kosa lake mwenyewe. Kikao cha kuithibitisha ripoti kilipangwa kufanyika Alhamisi, tarehe 12 Machi.

Bronia, mjane wa Zygmunt, alikwenda kwa Halina Jumapili baada ya misa. Hakuvua koti.

"Dada Halina, mimi kwao sitaki kitu kingine. Nataka ule mstari ufutwe tu. Mtu kawafungulia na kuwafungia vali zao miaka ishirini na sita, leo wanamwandika mpumbavu?"

"Nitaangalia, Bronia."

"Usiniangalizie kwa mdomo."

Ndiyo maana Jumatatu ile Halina alifungua faili. Kiti kilichokuwa upande wa pili wa meza kikawa na Zygmunt. Alikuwa vilevile kama katika nukta ya anguko, amelowa kuanzia kofia hadi viatu, na maji yalimdondoka kwenye viwiko. Mkono wake wa kulia ulishika kikombe cha kahawa. Wa kushoto ulishika pączki, andazi la mviringo lenye jamu ya plamu, lililoumwa mara moja tu. Siku aliyofariki ilikuwa Alhamisi ya Mafuta, ambapo Wapolandi wote wa Garfield hula maandazi hayo kabla ya Kwaresima, na kiwandani haonekani mtu mwenye mkono mtupu. Halina alisogeza karatasi zake zisilowe.

"Zygmunt, ilikuwaje?"

Nakala ya kumbukumbu ya mashine husomwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu kila hatua humtaja aliyeiagiza. Zygmunt naye alijibu kwa mpangilio huo.

"Mvuke," alisema.

"Na kabla ya mvuke?"

"Vali ilizunguka."

"Nani aliizungusha?"

"Mota yake. Mtu hakuwepo."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa natafuna."

Halina akalinganisha maneno hayo na skrini. Agizo la kufungua vali lilitoka kwenye programu. Programu iliitwa na saa ya mashine. Saa nayo ilikuwa imevurugwa na kipande cha programu kilichoongezwa mwezi Oktoba, kwa amri ya Bwana Tully, ili karatasi zikauke upesi. Kisha akafungua faili namba sifuri hadi namba tano. Mlolongo ulikuwa uleule katika zote. Tofauti ni kwamba mara sita zile hakuna aliyekuwa amesimama chini ya vali.

Alilitazama daftari kwa muda, akalifunga. Saa sita alikula mkate na samaki wa siki, akakunja karatasi ya kufungia.

Bwana Tully alipita alasiri.

"Huyu naye anafanya nini hapa?"

"Yumo kwenye faili."

"Basi mwambie asinilowanishie sakafu."

Zygmunt hakugeuka. Bwana Tully hakuwepo karibu na vali saa nane na dakika kumi na saba, kwa hiyo Zygmunt hakuweza kumwona.

Jumanne alikuja Bronia. Aliketi, akamtazama mumewe mikononi.

"Hukulimaliza," alisema. "Zygmunt, ulikuwa unawaza nini?"

"Jamu," Zygmunt alisema. "Safari hii Bronia hakubana mkono."

"Nilikuwekea vijiko viwili."

Hakujibu, kwa kuwa hayo hakuyajua nukta ile. Bronia alitoa leso akamfuta shavu, na shavu likalowa tena. Akaikamua leso ndani ya chungu cha ua.

"Anasikia baridi?" alimuuliza Halina.

"Hapana. Mahali alipo ni joto."

"Ndicho ninachoogopa."

Kikao cha Alhamisi kilifanyika katika chumba kile cha kompyuta, kwa sababu shahidi hakuweza kutoka kwenye mashine. Viti viliazimwa kantini. Mwenyekiti, Bi. Ostrander, mwanasheria kutoka makao makuu ya kampuni, alimsalimu kila mtu, akafungua kalamu yake.

"Shahidi ainue mkono wa kulia aape."

"Hawezi," Halina alisema. "Una kikombe."

"Akiweke chini."

"Nukta ile hakuwa amekiweka chini. Tena mkono wa pili una andazi. Bibi mwenyekiti, hicho ndicho ninachojaribu kuwaeleza. Angefunguaje vali?"

Bi. Ostrander aliandika kwa utulivu kwamba shahidi hakuapa, na kwamba maneno ya asiyeapa hayaingii kwenye ripoti. Halina akamkabidhi kurasa arobaini za mlolongo wa maagizo. Bwana Tully akakohoa.

"Kurasa hizo ni za mashine iliyokuwa inaanguka. Mama mwenyekiti, wewe mtu akiwa anaanguka kwenye ngazi, utamshika kwa anayoyasema?"

Wawili watatu walicheka. Kurasa ziliwekwa chini ya kalamu, kisha chini ya mkoba. Saa tano na nusu ripoti ilithibitishwa. Mstari ulibaki kama ulivyoandikwa.

Bronia aliyekuwa mlangoni aliuliza, "Kwa hiyo?"

"Umebaki," Halina alisema.

"Haya." Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

Tangu hapo Zygmunt hukaa kwenye kiti kile kila faili inapofunguliwa. Mfagiaji ameweka ndoo chini yake, na huimwaga mara mbili kwa siku. Wanaoingia zamu humwambia "Vipi, mzee?" wakapita. Bronia huja na ufumaji wake, hufuma mistari kadhaa, huondoka. Kipande cha programu cha Oktoba bado kinafanya kazi, kwa sababu karatasi hukauka upesi. Mwezi Mei mashine ilianguka tena mara mbili, na Halina alihamisha nakala zote mbili. Mwezi Juni ilikuja amri kwamba diski inakaribia kujaa, na faili za zamani, namba sifuri hadi sita, zifutwe kwanza. Hakuna aliyebisha.

Wewe uliyesoma hadi hapa, kabla hujashika kazi nyingine, mweleze mtu mmoja kwamba Zygmunt Pacholek wa Garfield hakuifungua vali ile. Naye mwombe amweleze mwingine.