Chapati Anakwenda Garsen

Jasper Godhana alikuwa mtu wa maneno, na kijiji kizima cha Idsowe kilimjua hivyo. Mto ukipanda na kufuta mipaka ya mashamba, aliitwa yeye kusuluhisha. Harusi ikipooza, alipewa yeye kipaza sauti, na kumnyang'anya ikawa kazi ya watu wawili. Lakini kumwambia binti yake Lavender, ambaye hata darasa la kwanza hajafika, kwamba mbwa wao atapasuliwa tumbo, hilo lilimfunga mdomo. Alilikwepa juma zima. Mara ana kazi ya migomba, mara kichwa kinamgonga.

Mbwa mwenyewe aliitwa Chapati kwa ajili ya rangi yake, hudhurungi yenye madoa meusi, kama chapati iliyosahauliwa kidogo juu ya moto. Alikuwa jike, hodari wa kufukuza tumbili kwenye mahindi, na hodari zaidi wa kuzaa. Watoto wake walikuwa wamegawiwa mpaka Wenje, na sasa watu wakimwona Jasper anakuja na kikapu walifunga milango. Hilo lingevumilika. Ila uzao wa mwisho ulikwama, nusura umwondoe, na Daktari Qabale wa mifugo akasema wazi kwamba mimba nyingine itamuua. Afungwe kizazi. Daktari angekuwa mjini Garsen siku mbili tu, kisha angeelekea kwa ng'ombe wa mbali, na lini angerudi, hata yeye hakujua.

"Mwambie mtoto," Rachael alimhimiza mumewe. "Si wewe ndiye msemaji?"

Basi jioni, juu ya ugali na kambare, msemaji akasafisha koo.

"Lavender, mama, kesho Chapati anakwenda Garsen."

Mtoto akaacha kutafuna. "Kwa pikipiki ya Mwaringa?"

"Ndiyo."

"Ndani ya kreti?"

"Ndani ya kreti, ile ya maembe. Tutamtandikia gunia, atakaa raha mustarehe."

Lavender akamtazama Chapati aliyelala mlangoni, akatazama sahani yake, akamega tonge dogo. "Haya," akasema. Hakulia, wala hakuuliza neno jingine. Jasper akamkonyeza mkewe, kifua mbele, kama mtu aliyevusha mtumbwi penye viboko bila kulowa. Rachael hakumkonyeza. Aliendelea kumwangalia mtoto.

Asubuhi Jasper alifuata maagizo ya daktari barabara. Mbwa asile chochote. Akalifunika bakuli lake juu chini, akaiweka sufuria ya samaki waliobaki juu ya rafu, akaenda kumtafutia gunia safi. Aliporudi nyuma ya jiko alikuta kigoda kimeegeshwa chini ya rafu, sufuria iko chini, inang'aa pasipo kusuguliwa. Chapati alikuwa anajilamba pua. Kando yake amesimama Lavender katika gauni lake la kanisani, anamfunga mbwa shingoni kipande cha leso ya mama yake.

"Lavender! Umefanya nini?"

"Nimempa chakula."

"Chote?"

"Chote. Hata mkia."

Jasper alipandwa na hasira ambazo hakujua azimwage wapi. Mbwa alikuwa anamchekea kwa mkia, na mtoto hakuonyesha dalili yoyote ya kujuta. Akampigia daktari.

"Ameshiba?" Daktari Qabale aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Waorma wa huku, kifupi, hakina mapambo. "Basi leo hapana. Mimi nikilaza mbwa na sindano, chakula iko tumboni, itarudi juu, itamkaba. Lete kesho asubuhi. Kesho ndiyo mwisho, mimi naondoka. Nani alipatia yeye chakula?"

"Mtoto, daktari."

"Wewe uliambia mtoto nini?"

Jasper alikohoa. "Nilimwambia... Chapati anakwenda Garsen."

"Halafu?"

"Basi. Hiyo tu."

Akasikia kicheko. "Baba Lavender, mbwa ni rahisi. Kwanza tengeneza mtoto."

Mtu mzima kuambiwa hivyo kunauma, hasa akiwa msemaji wa kijiji. Jasper akamrudisha Mwaringa na pikipiki yake, akaja akaketi kwenye kigoda kilekile cha ushahidi. Alikuwa bado amenuna.

"Haya, niambie. Kwa nini umempa samaki wote?"

Lavender alikuwa anavutavuta upindo wa gauni. "Mama amesema mtu hatoki kwetu na njaa."

"Ni kweli. Lakini Chapati anakwenda na kurudi."

Mtoto akamtazama baba yake kwa masikitiko, kama mkubwa anayemwonea huruma mdogo. "Baba, Garsen hawarudi. Yule kuku wangu Mweusi aliingia kwenye kreti, akaenda Garsen. Hakurudi. Mbuzi alikwenda Garsen. Maembe yote yanakwenda. Anayerudi ni mama tu, na mama hakai kwenye kreti." Midomo ikaanza kumcheza. "Nilitaka aende ameshiba. Akitukumbuka huko, asikumbuke njaa."

Hapo hasira za Jasper ziliisha zote kwa mara moja, na mahali pake pakaingia aibu. Ina maana jana usiku, wakati yeye anajipongeza, mtoto wake alikuwa anameza tonge huku akimuaga rafiki yake. Alimvuta akampakata, gauni la kanisani na harufu yote ya kambare, akamkumbatia mpaka Lavender akalalamika kwamba anabanwa.

"Sikiliza. Chapati hauzwi. Nilikuficha, na nimekosa. Chapati atapasuliwa."

Macho yakamtoka mtoto. Basi Jasper akafanya jambo ambalo hata nduguze walikuwa hawajaona. Alipandisha shati, akashusha mkanda kidogo, akamwonyesha kovu la upasuaji wa ngiri, lililolala chini ya kitambi kama siafu wanaovuka njia.

"Wewe pia ulipasuliwa?" Lavender akaligusa kwa ncha ya kidole. "Ulilia?"

"Nililala. Walinidunga sindano, nikalala, nilipoamka walikuwa wameshashona."

"Kwa sindano ya gunia?"

"Ndogo kuliko ya gunia."

"Ulirudi kwenye kreti?"

"Nilirudi kwa pikipiki, na kila tuta nililia." Rachael, aliyekuwa mlangoni muda wote huo, akathibitisha kwamba kilio kile kilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Ndipo Jasper akamweleza lote. Kwamba Chapati atanyolewa manyoya ya tumboni. Atarudi anapepesuka, na huenda asimtambue mtu mpaka usingizi umtoke. Kidonda asikilambe, na tumbili wapewe likizo. Watoto hatazaa tena. Lavender alilitafakari hilo la mwisho, akakubali kwamba aliowazaa wanatosha. Kisha wakachukua mwanasesere wake wa matambara, wakampasua tumbo kwa wembe, wakamtoa pamba kidogo, na Lavender akamshona kwa uzi wa magunia, mishono mikubwa iliyokwenda upande.

"Na akifa?" aliuliza, uso bado uko kwenye kazi yake.

Jasper alikuwa na uongo mzuri tayari kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza. "Daktari amewapasua wengi, na karibu wote wamerudi kwao wakibweka. Kuapa siwezi. Lakini nitakaa naye mwanzo mpaka mwisho, sitamwacha peke yake."

Lavender akakata uzi kwa meno. "Kaa karibu na kichwa chake," akaagiza.

Asubuhi iliyofuata ulinzi wa chakula ulikuwa wa Lavender mwenyewe, tena mkali. Alikaa juu ya bakuli la mbwa. Jasper alipojimiminia chai, alisikia sauti.

"Baba! Mama amesema mtu hali mbele ya mwenye njaa."

"Lakini hii ni chai, mama. Kunywa si kula."

"Chapati anakuona."

Chapati kweli alikuwa anamwona. Jasper akarudisha chai kwenye birika, na mahamri yakafunikwa, na nyumba nzima ikafunga kwa heshima ya mbwa, mpaka Mwaringa naye, aliyekuja akitegemea kikombe chake cha kila siku, akaambiwa angoje. Akaondoka na abiria wake, kreti nyuma, Jasper kati, matumbo yote matatu yakinguruma kuelekea Garsen.

Mchana Lavender hakucheza. Alikaa kwenye njia ya kuingilia nyumbani na mwanasesere wake mwenye kovu, na kila pikipiki iliyopita barabarani ilimwinua. Rachael alimletea chakula pale pale, akaketi naye, kwa kuwa kusema kweli hata yeye alikuwa hana raha.

Jua lilikuwa limeelemea upande wa mto, pikipiki ya Mwaringa ilipokata kona, polepole, ikilikwepa kila tuta. Jasper alikuwa amekaa kinyumenyume, ameikumbatia kreti, mkono mmoja umezama ndani, kwenye kichwa cha mbwa. Walipoishusha, Chapati aliinua macho mazito, akatazama kama mlevi, kisha mkia ukapiga gunia mara moja. Lavender akamlalia shingoni, akilia na kucheka pamoja, na Jasper akageuka kuangalia migomba yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kuangaliwa.

"Baba," Lavender akasema hatimaye, uso unang'aa kwa machozi. "Kumbe Garsen wanarudisha!"

"Si nilikwambia?"

"Basi kesho tukamchukue na Mweusi."

Mwaringa akakumbuka ghafla kwamba ana abiria anamngoja. Rachael akaingia jikoni kuwasha moto. Jasper alitazama huku na huku akitafuta kazi ya migomba au kichwa cha kumgonga, hakupata. Akakivuta kigoda, akaketi, akampakata binti yake.

"Njoo, mama," akasema. "Nikuambie ukweli wa yule kuku."