Kiti cha Madam

…upande wa kushoto, anasema Marwiya, kaa upande wa kushoto, Mama Rispah, hapo ndipo zipu inagoma, nami nasogeza makalio yangu juu ya sutikesi yake kama kuku anayetafuta pa kutagia, makalio ambayo kwetu Vihiga yalisifiwa na wanaume wenye akili timamu, leo yamepata kazi ya kufunga mizigo, zipu inatambaa kidole kimoja halafu inakwama, na yeye anacheka, amepiga magoti sakafuni, mtandio umemteleza, ana mvi hapo mbele ambazo hakuwa nazo tulipokuwa Riyadh, anacheka kwa sababu leo anaenda kwao, baada ya alasiri basi litawachukua Waindonesia wasio na karatasi wa mtaa huu wa Kandara tulikojificha mpaka uwanja wa ndege, miaka kumi na moja, halas, na mimi nimekaa juu ya nguo zake na habari iko chini ya ulimi wangu tangu juzi kama kwinini… Hasni hayuko kisiwani. Binti yake anayemwendea hayuko. Yuko huku huku Saudia, Riyadh, Naseem, mtaa uleule tuliotoroka sisi, wiki ya tatu sasa anasugua masufuria ya watu, na mama yake akipiga simu haipatikani anasema ni mtandao, kisiwani simu haishiki mpaka upande juu ya tangi la msikiti, si unajua, Mama Rispah, na mimi naitikia najua, najua… Mimi kunyamaza, mimi ambaye mchungaji wetu aliamua matangazo yasomwe kabla ya mahubiri, eti yakingoja mwisho Rispah atakuwa ameshayamaliza kule viti vya nyuma, mimi ninayesema habari bila chumvi ni uji wa mgonjwa, siku mbili nzima niko na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba na sijampa hata aliyelala kitanda cha juu yangu.

Vuta tumbo, anasema, na mimi nasema tumbo si begi, likivutwa huku linatokea kule, anacheka tena, Mungu wangu anavyocheka… Selipher ndiye aliyenipigia, yule wa Kakamega anayepika nyumba ya pili kutoka kwa madam wetu wa zamani, akaniambia, mama, tumeletewa kasichana ka Indonesia, kadogo, kanafagia kakilia, na mimi nikasema kape simu nijue ni ka wapi, udaku tu, sina lingine, nikauliza kisiwa gani, kakaniambia kwa Kiarabu cha madrasa, Saranti, nikacheka, kisiwa chenye nyumba sitini na mimi nazijua zote bila kukanyaga, miaka miwili nilizisikia kwenye kile chumba chetu cha ngazini, Marwiya akipiga pasi na mimi nikikunja, ni nani ameoa mara mbili, ni nani aliyeiba kamba za mwani za shemeji yake, basi nikakajaribu, mbuzi wa Haji Lamuda ana masikio mangapi… moja, kakasema, jingine lilikatwa na mlango, halafu sauti ikashuka, wewe ni Mama Rispah, wewe ndiye wa kwenye picha, na hapo nikajua ni Hasni, Hasni wa Marwiya. Usimwambie mama, akasema, akijua hatapanda ndege. Nikamuuliza na chuo je, na ualimu, mama yako kila siku ni mwalimu Hasni, mwalimu Hasni, akasema shule imefungwa, watoto walibaki tisa, mwalimu wa zamani akahamishiwa bara na ubao akaondoka nao, mwani umekuwa mweupe unakatika kwenye kamba, kisima kimeingia chumvi, wenye nguvu wameondoka wote, nikimaliza chuo nitamfundisha nani, yule mbuzi… sikujua nicheke au nilie, ana ulimi kama wangu huyo msichana, wakala akampitisha nchi nyingine maana kwao serikali ilishafunga njia ya kuja huku, akafika, na siku ya kwanza, Selipher anasema, siku ya kwanza aliuliza kiti kiko wapi. Kiti gani, Selipher akamwuliza. Kile cha dhahabu. Selipher akadhani ni wazimu wa ugeni.

Kuna kitu kinanichoma, namwambia, umeweka nini hapa chini, sindano… na Marwiya anapiga sutikesi kofi dogo kama mtoto mkaidi, ni viatu, anasema, viatu vya Hasni, nilivinunua sokoni Balad, vyeusi, vya mwalimu, vina kisigino kidogo tu, akiingia darasani watoto wasikie mtu anakuja, ko, ko, ko… anagonga sakafu kwa vidole, ko, ko, na mimi natazama ukuta, watoto tisa, na hao tisa wameshapelekwa bara… Kile kiti. Siwezi kumsingizia shetani, shetani siku hiyo alikuwa amekwenda Abha kupunga hewa pamoja na madam na watoto wake, ni mimi, nyumba ilikuwa tupu na mimi nikamwambia Marwiya, twende sebuleni ukakae, akakataa, nikamvuta mkono, kile kiti cha miguu ya dhahabu ambacho tulikijua kwa kitambaa cha kufutia vumbi tu, nikamkalisha, nikampa finjani, nikamfunga skafu ya madam, mimi nikasimama nyuma na sinia kama mtumishi wake, na Elkanah dereva akapiga picha kwa simu yake, akisema, tabasamu, madam Marwiya, halafu uniongeze mshahara. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mchezo wa nusu saa, kisha tukafuta alama za vidole vyetu kwenye kiti, tukarudi kumenya vitunguu. Nani alijua picha itafika kisiwani, ikuzwe, iwekewe fremu, ipigwe msumari juu ya mlango, wanawake waje kutoka upande wa pili wa kisiwa kuangalia kiti… na mimi bado sikutosheka, Marwiya akipiga kwao nilimnyang'anya simu nikaongea na yule mtoto, alikuwa na miaka kumi na minne, nikamwambia mama yako huku akikohoa analetewa juisi, jokofu lina milango mitatu, kuku analiwa mpaka mtu anaomba sukumawiki, chumvi, Rispah, chumvi, kilo nzima ya chumvi, na mama yake pembeni anaficha uso kwa aibu na kucheka, hakumwambia mtoto ukweli kwa sababu nani anataka mtoto wake ajue analala chini ya ngazi… miaka mitano mtoto amekula chakula chake chini ya ile picha. Mwani unakatika, shule inafungwa, na juu ya mlango mama amekalia dhahabu. Hata mimi ningekuja. Mimi mwenyewe nilikuja kwa maneno matamu kuliko hayo, na umri wangu wakauandika upya kwenye paspoti, huko ndani nina arobaini na moja.

Inakuja, inakuja, anasema, usihame… Selipher amenionya, nyamaza, mama, mwache aende, msamaha wa wasio na karatasi unaisha, zimebaki siku tisa, akibaki anashikwa, na anayeshikwa baada ya msamaha unajua anapopelekwa, mwache afike kwao, mengine Mungu atajua, ni kwa usalama wake. Na mimi nikasema kweli, ni kwa usalama wake, akienda Naseem kumtafuta binti atafanya nini, agonge geti la kafili, tajiri wa watu, aseme nipeni mtoto wangu… watamwitia polisi kabla hajamaliza salamu. Basi aende. Ashuke ufukweni viatu mkononi, maji magotini, maana hakuna gati, ameniambia mara mia, mashua ya Jumanne inasimama mbali na mtu anateremka majini na watoto wanakuja kupokea mizigo… watoto gani… Hasni atabeba hii kichwani, anasema sasa hivi, ana shingo ngumu kama yangu, yalla mama, kidogo tu… ni kwa usalama wake. Ni kwa usalama wake. Nani alikuwa anasema hivyo, sauti naijua… ni madam. Droo ya vikombe. Paspoti zetu mbili ndani ya droo ya vikombe, na Marwiya alipoiomba yake, siku mama yake mzazi alipokufa, madam akamshika shavu, habibti, hapa ni salama, ukikaa nayo utaipoteza, ni kwa usalama wako, na mama akazikwa bila yeye, na tuliing'arisha ile droo kila Alhamisi kwa siki. Hakuwa mwanamke mbaya, madam. Alikuwa na sababu zake, nzuri nzuri zote. Nami ninazo zangu, nzuri kuliko za kwake, na mtoto si wangu, safari si yangu, nimekalia mambo ya mtu mwingine na kujiita rafiki.

Atavunja sutikesi. Atachana karatasi ya safari labda, labda atanipiga, na ana haki, labda atapanda ndege vilevile akilia, sijui, ni shingo yake ngumu, aamue yeye… na nitamwambia kwa maneno gani, lugha yetu ni Kiarabu cha jikoni na Kiswahili changu nilichomfundisha kwenye vitunguu, tuna yalla ya twende, tuna mafi ya hakuna, tuna moto, sabuni, haraka, hatuna neno hata moja la kumshika mtu asianguke. Marwiya, nasema. Bado pembe moja, anasema, usinyanyuke. Sinyanyuki. Njoo ukae hapa na wewe. Wote wawili, anauliza, itapasuka. Njoo, nasema, acha zipu, kaa, na anaangalia uso wangu, anaacha kucheka, anapanda taratibu, anakaa upande wa kushoto, bega lake dogo kwenye mkono wangu, na chini yetu visigino vya Hasni vinatuchoma pamoja, nje sala ya alasiri imeisha, mwenye duka anapandisha shata, na mimi natafuta chumvi ya kutia, natafuta, siioni.