Mkono Uliobaki Kibaoni

Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, Adventina, mhudumu, alifagia majani makavu ya migomba mbele ya kliniki ya mradi wa Wamarekani, Kihanga, kisha akainua macho kukitazama kibao chake. Ile mikono miwili iliyochorwa ikishikana tangu yeye akiwa darasa la nne, ilikuwa imeachana. Mmoja haukuwapo. Uliobaki ulikuwa bado umenyooshwa, kama wa mtu aliyekatishwa salamu.

Akapanda kwenye benchi. Alitaka kujua ni upi ulioondoka. Kwenye kucha za uliobaki akakuta utomvu mweusi wa ndizi.

"Huu wa kwetu," alisema.

"Na mwenzake?" aliuliza mlinzi, Melkiory.

"Kaondoka."

"Labda kaenda haja."

Saa tatu msimamizi, Clavery, alipigiwa simu. Amri ilikuwa imetiwa saini Marekani: kazi zote zisimame, hata kugawa dawa zilizokwisha kufika. Akafunga stoo kwa kufuli jipya. Dirishani makopo ya dawa yalionekana, yamepangwa hadi darini.

Bibi Kokubanza alifika akiwa amebakiwa na vidonge tisa, kimoja kwa siku.

"Shikamoo, bibi," alisema Adventina.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata dawa zangu."

"Dawa zipo, bibi. Ruhusa ndiyo haipo."

"Anayo nani?"

"Mkubwa mmoja, Marekani."

"Ananijua?"

"Hapana."

"Sasa kakasirishwa na nani?"



Kokubanza alikitazama kibao. "Mgeni kaondoka bila kuaga, na ninyi mkakosa hata wa kumsindikiza!" Akafungua pindo la kanga, akatoa kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni, akaitia kwenye kiganja kilichobaki wazi. Vidole vikajifunga. Kesho yake Adventina alifagia maganda ya kahawa pamoja na majani.

Tangu hapo, kila aliyefuata dawa alianza kwa kuusalimu mkono, kwa heshima, mkono wake wa kushoto ukishika kifundo cha wa kulia. Ulikuwa na joto, na ulikawia kumwachia mtu. Mvua ilipoanza, Melkiory aliufunika kwa jani la mgomba.

"Wewe mwenye ufunguo, husalimii?" Melkiory alimtania Clavery.

Clavery aliusalimu. Mkono ulimshika hadi saa sita, ukimpapasa mfuko wa ufunguo. Ulipomwachia, aliomba radhi, akaenda kula.

Siku ya tisa ulijinyoosha kutoka kibaoni, ukipita juu ya benchi, kuelekea kufuli. Adventina alileta rula ya shule ya mwanawe, akapima. Ulipungukiwa sentimita kumi na nne. Akaandika kwenye daftari la kliniki, maana hakukuwa na kingine cha kuandika.

Siku ya kumi Kokubanza alikuja mikono mitupu. Akausalimu, akaketi chini yake. Mkono ukamshika bega. Wote wawili wakatazama dirishani, makopo yalikokuwa.

"Umefika wapi leo?" aliuliza.

Adventina alipima.

"Kumi na nne, bibi. Palepale."