Bwana Harusi wa Rosettenville

Hapakuwa na harusi ya Warundi wala ya Wakongo pale mtaani Rosettenville ambayo Emérite hakuishonea nguo. Jirani yake alikuwa Mi-ran, Mkorea mwenye duka la nywele za bandia, aliyeingia Johannesburg akiwa msichana na sasa alikuwa na mvi zake. Wanawake hao wawili waliazimana mikasi, sukari na hata hasira za umeme kukatika. Basi siku moja mwaka 2017, Mi-ran aliingia amemshika mama yake mkono.

"Mama anatimiza miaka themanini," alisema. "Anataka nguo. Lakini mwulize mwenyewe, dada, mimi nimechoka kubishana naye."

Bibi Kum-sim, ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alikuwa kibibi mfupi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Akajinyoosha, akaweka kiganja kiunoni kama aliyeshika upanga, akatembea hadi kwenye cherehani kwa mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa njia.

"Suruali," akasema. "Koti refu. Bwana harusi."

Emérite alicheka mpaka akaketi. "Eish, Gogo! Na bibi harusi ni nani?"

"Bun-rye," Gogo alijibu, wala hakucheka.

Siku za kupimwa nguo, Gogo alisimulia na Mi-ran akatafsiri. Ujanani mwake, vita vilipoichoma nchi yao, kulikuwa na vikundi vya michezo ya kuigiza kwa nyimbo, vya wanawake peke yao. Wafalme, majemadari, wachumba, wote walikuwa wanawake. Gogo alikuwa na sauti nzito, akapewa nafasi za wanaume. Walizunguka mji hadi mji kwa lori, wamekalia masanduku ya mavazi, na walikoshuka watu walijaa hadi madirishani. Wasichana walitoroka kwao ili wamfuate. Na katika kila jukwaa, mchumba wake alikuwa Bun-rye.

"Halafu?" Emérite aliuliza, pini mdomoni.

Halafu sinema zikaja, viti vikabaki vitupu, kikundi kikasambaratika. Gogo akaolewa. Mumewe alimwambia mke wa heshima haimbi mbele ya umati, tena amevaa suruali. Tangu hapo hakuimba tena.

Mi-ran aliacha kutafsiri kidogo. "Sijawahi kumsikia akiimba," alisema. "Nilidhani hajui."

Emérite alikwenda mwenyewe mtaa wa Mayfair, akapekua maduka ya Wasomali hadi akapata hariri ya buluu iliyomridhisha, na lile koti akalishona polepole kama anayemshonea mama yake mzazi.

Sherehe ilifanyika Jumapili mchana, uani kwa Mi-ran. Walikuja Wakorea wa kanisani kwao na majirani wa mtaani. Bun-rye, aliyealikwa kwa siku hiyo, alikuwa ametua juzi yake kutoka Korea, mjane anayetembea kwa fimbo na sikio moja limekufa. Gogo alipotokea mlangoni na koti la buluu, kofia nyeusi kichwani, Bun-rye alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, fimbo ikaanguka.

Gogo akaanza kuimba. Sauti ilitoka chini, yenye mikwaruzo, ikapanda, ikapanda tena, kisha ikakatika. Akajaribu upya, ikakatika palepale. Wageni walikuwa wametulia kwa adabu, mikono mapajani. Ule utulivu ukamwangukia bibi wa watu. Mabega yakashuka ndani ya hariri, na Mi-ran akainuka ili amrudishe kwenye kiti.

Emérite hakuvumilia. Kwao Burundi mtu akishindwa mbele ya watu haachwi peke yake. Akasimama, akapiga vigelegele virefu, vya kumtoa bibi harusi nyumbani. Wakorea wakashtuka. Lakini Bun-rye, na sikio lake lile, alivisikia! Akacheka, akajipiga paja, akamtupia Gogo neno moja kwa sauti kali.

"Ndivyo ilivyokuwa zamani," Mi-ran alimnong'oneza Emérite, macho yamejaa maji. "Anayesikiliza lazima amtie mwimbaji nguvu. Sisi tulikaa kama tuko msibani."

Bun-rye akaudaka wimbo pale ulipokatikia. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, ila haikutetemeka. Gogo akamgeukia. Akampa mkono kama anavyopewa mchumba, akamwinua taratibu, akaimba sehemu yake, na safari hii kila ilipokwaruza uani palilipuka kelele, za Kikorea, za Kirundi, za Kizulu. Wakafika mwisho wameshikana, wanahema, wanachekana kama watoto waliovunja kitu.

Bun-rye alikuwa amekuja kwa wiki mbili. Akakaa hadi baridi ya Johannesburg ilipoisha.

Na Mi-ran? Aliomba afundishwe. Jumamosi mchana alifunga duka mapema, akapiga magoti mbele ya wale vibibi wawili, akaimba vibaya kupita kiasi. Gogo alimkaripia bila huruma, na Bun-rye akamtetea.

"Tena!" Gogo aliamrisha. "Toka tumboni, si puani!"

Emérite, aliyekuwa na magauni ya harusi yanayomsubiri, alizima cherehani, akavuta kiti nje, akakaa kusikiliza.