Miwani ya Wino wa Bluu

Mimi kukaa sijui. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na kiherehere, kwamba hata tumboni nilimpiga mateke mpaka akashindwa kushona, kwa hiyo tulianza kugombana kabla hatujaonana. Nina miaka hamsini na mitatu na bado chai nainywa nikiwa nimesimama. Mchana natengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya kliniki. Nachonga, nasugua, napaka rangi jino moja moja ili lisionekane limetoka kiwandani. Nikirudi nyumbani mikono bado inawasha, ndipo ninapoipa midoli.

Ninayo tisini na sita. Watu wakisikia hivyo hunitazama kama niliyewatajia ugonjwa. Wanitazame. Hawajui raha ya kuokota kichwa kisicho na nywele kwenye rundo la mitumba, ukakigeuza, ukasoma namba ya kiwanda shingoni na kugundua kwamba kimekuzidi umri. Hawajui raha ya kusikia macho yaliyokwama miaka thelathini yakigonga na kufunguka. Ninayo ya kauri yenye nyufa nyembamba, ya kitambaa iliyojazwa pamba na makapi, ya plastiki ngumu inayonuka kabati la zamani. Ya kisasa nayo siidharau kama wafanyavyo wazee wengine wa kundi letu la simu la wakusanyaji midoli. Kuna mmoja ana viungo kumi na vinne, anakunja hata vifundo vya mikono, na wawili wengine sijawatoa kwenye boksi kwa sababu kila nikishika mkasi moyo unagoma. Mapazia ya chumba chao hayafunguliwi, maana jua linaua rangi.

Kwenye kundi hilo tuna desturi moja. Ukimtengeneza mdoli unaweka picha mbili, Kabla na Baada. Mtu anaweza asikusalimie mwaka mzima, lakini akiona Kabla chafu na Baada inayong'aa, atakutumia vile viganja vya kupiga makofi. Kwa makofi hayo mimi ni dhaifu, nakiri.

Aliyeniletea makofi mengi kuliko wote ni Bonge. Ni mdoli wa plastiki laini, mashavu yamejaa, mapaja kama maandazi, aliyekuwa wa dada yangu kabla sijazaliwa na akawa wangu dada alipokua. Baada ya hapo alilala miaka na miaka kwenye sanduku la Mama. Mama alipofariki, dada alichukua cherehani, mimi nikachukua sanduku na Bonge ndani yake.

Bonge alikuwa na michoro ya wino wa bluu usoni, kuzunguka macho. Sikuhitaji kuuliza nani alimchora, nilijua ni mimi. Kwetu kila mtu alikuwa na kisa chake cha jinsi nilivyochora kila kitu utotoni, ukuta wa sebule, mlango wa choo, hata shati la kazi la baba. Kwa hiyo mwaka jana nilipoamua kumsafisha, nilimsafisha kwa moyo wa mtu anayetubu.

Dawa ya wino kwenye plastiki laini kila mkusanyaji anaijua, nayo ni krimu ya chunusi. Unaipaka juu ya mstari wa wino tu, unafunika kwa nailoni, unamweka mdoli juani. Nilitumia brashi yangu ya kupakia rangi meno, ile yenye ncha kama unywele, nikafuata kila mstari bila kutoka nje. Wiki tatu nzima Bonge alikaa dirishani jikoni akiota jua kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Siku za mwisho kazi zilinizidi nikamsahau huko. Nilipomtoa, wino ulikuwa umekwisha kabisa. Nikapiga picha ya Baada, na watu sitini na wawili wakanipigia makofi. Nilinunua keki nikaila peke yangu, nimesimama.

Jumamosi iliyopita asubuhi, dada akapiga simu.

Dada ananizidi miaka tisa. Ni mwalimu mstaafu, na huongea polepole kama anayeandika ubaoni. Aliniambia mjukuu wake wa miaka sita amepewa miwani, kwa sababu vitu vya karibu havioni sawasawa na herufi zinamchezea kitabuni, lakini ameikataa katakata. Ni minene, na shuleni wanamwita Chupa. Ameificha kwenye kopo la unga, ameificha nyuma ya jokofu, na mara ya mwisho ilikutwa ndani ya kiatu cha babu yake, na babu alikuwa ameshaingiza mguu. Tulicheka wote. Halafu akasema kesho mchana atakuja naye, amwonyeshe Bonge.

Nikamuuliza Bonge wa nini.

"Si ana miwani?" akasema. "Ile aliyomchorea Mama."

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Nikakaa. Mimi, nikakaa.

Dada akanisimulia kwa ule mwendo wake wa ubaoni. Alikuwa darasa la pili alipopewa miwani yake ya kwanza. Watoto wakamcheka, akarudi nyumbani akaapa kwamba haivai tena hata achapwe. Mama hakumgombeza. Alichukua kalamu kwenye mkoba wa dada, akampakata Bonge, akamchorea miwani usoni taratibu, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Alipomaliza akamkabidhi na kumwambia haya, sasa mko wawili. Dada akaivaa, na tangu siku hiyo anaivua kwa kulala tu. Alidhani kisa hicho nakijua.

Sikukijua. Nilichokijua ni kitu kingine. Mama yetu hakusoma. Karatasi zote za shule zetu zilikuwa na alama ya dole gumba lake. Chaki ya kushonea aliishika kama alizaliwa nayo, lakini kalamu aliiogopa, akipewa alikuwa anairudisha haraka kama inayounguza. Kwa hiyo pale jikoni, simu ikiwa bado sikioni, nilielewa kwamba Mama alichora kwa kalamu mara moja tu maishani mwake, na mimi nilikifuta alichokichora kwa krimu ya chunusi, tena nikapigiwa makofi.

Nilitakiwa kumwambia palepale. Nikasema karibuni sana, nitapika.

Siku hiyo yote nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Niliosha vikombe visafi. Nilipanga midoli kwa urefu, nikaipanga kwa umri, nikairudisha ilivyokuwa. Mara tatu nilishika simu nimpigie dada, na mara tatu niliiweka chini na kwenda kufagia palipofagiwa. Niliogopa hasira zake, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kwamba hatakasirika, atanyamaza tu, na tutaishi na ukimya huo mpaka tuzikane.

Ndipo nikakumbuka picha ya Kabla.

Niliitafuta kwenye simu nikaikuza. Miwani ilionekana waziwazi, na nikaona aibu kwamba sikuwahi kuiona kuwa ni miwani. Kioo cha kushoto kikubwa kuliko cha kulia, mstari unatetemeka, kidaraja cha puani kimepinda. Kwa mtu anayeiga jino la mteja hata na ufa wake, hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikachukua penseli ya macho ya bluu, nikamweka Bonge chini ya taa, nikachora. Nikafuta, nikachora tena. Nikaiga hadi mtetemo wa mkono wa Mama. Picha ilikuwa imepigwa kwa mbele, pembeni hapaonekani, basi mikono ya miwani nikaichora kama ilivyo mikono ya miwani yoyote, miwili, mpaka masikioni.

Nilijiambia simdanganyi dada, namsaidia mtoto. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi siku hiyo niliiona ndefu, tena ina lami.

Wakaja Jumapili mchana, tukala katika chumba cha midoli. Yule mtoto ni mwembamba, ana maswali. Kila alichoshika alikisukuma mbali na uso wake, mikono imenyooka, amekunja ndita. Miwani ilikuwa ndani ya mkoba wa dada, kwenye kasha lake. Alitaka kujua kama midoli hulala yote kwa wakati mmoja, na kwa nini ile miwili imefungiwa kwenye maboksi, imefanya kosa gani. Nilimjibu huku nikihamisha sahani mezani na kuirudisha.

Dada akamchukua Bonge mwenyewe kutoka kwenye rafu. Akacheka, akajiziba mdomo, machozi yakamlengalenga, na mimi nikaanza kupumua.

Mtoto akamtazama Bonge kwa mbali. "Ya kuchorwa," akasema, akarudi kwenye maboksi.

Dada hakukata tamaa. Akamwita aje aone sehemu ya kuchekesha. Huku upande wa kushoto, alisema, mkono wa miwani haufiki sikioni, kwa sababu yeye mwenyewe alishindwa kuvumilia akamrukia Mama mgongoni kumkumbatia, na Mama hakuumalizia. Akisema hivyo akakigeuza kichwa cha Bonge.

Akapitisha dole gumba kwenye ule mkono mrefu ulionyooka mpaka sikioni. Kisha akalitazama dole gumba lake. Lilikuwa la bluu.

"Huu nani ameuchora?"

"Mimi," nikasema. "Jana."

Nikamwambia yote kwa mkupuo, krimu, jua, brashi, penseli, hata yale makofi sitini na mawili ambayo hakuna aliyeniuliza, nikamaliza kwa kuomba msamaha. Dada alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hukuniuliza," akasema.

"Nilidhani ni mimi niliyemchora."

"Hapo ndipo ungeuliza."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akaniambia niifute hiyo yangu, mtoto asionyeshwe uongo. Nilileta pamba na mafuta, nikafuta mbele yake. Penseli ilitoka kirahisi. Bonge akabaki uso mtupu, mashavu yanang'aa, Baada kamili.

Dada akamchukua, akaenda dirishani, akavuta pazia. Lile pazia halijafunguliwa miaka sita. Midoli tisini na mitano ikapigwa na jua la alasiri usoni, nami sikulifunga pazia. Alikuwa anatafuta, najua, chembe ya wino niliyoisahau. Akamgeuza Bonge huku, akamgeuza kule, akamwinamisha. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikaanza kuzikunja leso za mezani.

"Njoo," akasema.

Nikaenda. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, na usoni mwa Bonge palikuwa na mistari. Haikuwa ya bluu. Ilikuwa myeupe, hafifu, kama alama ya pete kidoleni pete ikivuliwa. Sikuielewa kwa kitambo. Kisha nikakumbuka siku nilizomsahau juani. Wino ulipokwisha, krimu iliendelea kula rangi ya plastiki, na krimu hiyo niliipaka juu ya mstari wa Mama tu, bila kutoka nje. Chini ya taa ya juu haionekani, na jana nilipita palepale kwa penseli bila kujua. Kioo cha kushoto kikubwa. Kidaraja kimepinda. Mkono wa kushoto umeishia katikati ya shavu.

"Wino wake umekwenda," dada akasema.

"Umekwenda."

Sikuomba msamaha mara ya pili. Maji yakishamwagika hayazoleki, na huo weupe haukuwa wino wa Mama. Ulikuwa mahali ulipopita.

Mtoto alituona tumeinama dirishani, akaja akauliza tunaangalia nini. Dada akamwambia miwani ya Bonge, ile ya kweli. Mtoto akampokea Bonge, akamsukuma mbali, mikono imenyooka, akakunja ndita. Akamsogeza karibu. Akamsukuma mbali tena.

"Sioni," akasema.

Dada, mwalimu wa miaka thelathini na minne, asiyeacha kitu bila kukieleza, hakusema neno. Na mimi na kiherehere changu chote nikafunga mdomo, nikayashika mapazia ili nisifanye jambo lingine.

Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Akamweka Bonge dirishani, akaenda kwenye kiti ulipokuwa mkoba wa bibi yake, akatoa funguo, leso, kitana, vyote vikaanguka sakafuni. Akalifungua kasha. Miwani ikakaa upande, akaisukuma kwa kidole mpaka ikakaa sawa. Akarudi, akamwinua Bonge kwenye jua, akamtazama mbele, akamgeuza ubavu.

"Huu mkono mfupi," akasema.

"Alikatizwa," dada akamjibu.

Kisha, bila kunitazama, akasogea kidogo pale dirishani, akaniachia nafasi.